Nataka Mtoto, na Nataka Kizazi Kitoke

Jumatano, 24 Januari 2024. Dar es Salaam

Kidato cha Tatu, takwimu. Nimefundisha nikiwa nimekaa. Wanafunzi wameshazoea: kiranja huja mwenyewe kuchukua chaki, mimi nataja hatua, yeye anaandika ubaoni. Leo wametafuta wastani wa alama zao za jaribio, wakagombana kwa nini mmoja aliyepata sifuri awashushe wote. Kipindi kizuri. Nilikifurahia nusu, nusu nyingine nilikuwa nimeishika meza.

Saa sita mkuu wa shule amenipa ruhusa niondoke. "Mwalimu, hili tumbo lako haliishi?" Hakusema kwa ubaya.

Daktari ameniambia niweke kumbukumbu: tarehe, maumivu kati ya 0 na 10, damu, choo, dawa niliyomeza. Hayo yana daftari lake la mistari, lipo mkobani. Hili ni la yale yasiyoingia kwenye mistari.

Jumamosi, 17 Februari

Majibu ya MRI yametoka. Nayaandika kwa maneno yangu ili niyaelewe.

Ukuta wa nyuma wa kizazi umenenepa. Hiyo ni adenomiosisi: tishu inayofanana na utando wa ndani imeingia kwenye msuli wenyewe wa kizazi. Ovari ya kushoto ina uvimbe wa chokoleti wa sentimita 4. Ule wa zamani ulitolewa kwa upasuaji wa matundu, huu umeota upya. Nyuma ya kizazi kuna vinundu vya endometriosisi, na utumbo mkubwa wa chini umegandia hapo kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Ovari ya kulia ni nzima.

Daktari ni mama wa makamo, hana haraka. Tulipitia dawa moja moja: vidonge vya majira, sindano ya miezi mitatu, dienogesti, kisha Zoladex, kile kipande kinachochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya siku 28 ili ovari zilale. Zoladex ilikata hedhi, na maumivu ya kukamua nayo yakakatika. Yakaja majoto ya usiku na viungo kuuma. Maumivu ya chooni hayakwenda popote.

Akavua miwani. "Mwanangu, kuna njia moja hatujaizungumza. Kuondoa kizazi. Sisemi ufanye. Nasema tuizungumze."

Nina miaka 31. Sina mtoto.

Jumapili, 18 Februari

Sikulala, nimesoma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba endometriosisi inampata mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, watu takriban milioni 190. Hakuna dawa inayoufuta ugonjwa huu.

Mwaka 1927 daktari wa Marekani, John Sampson, alieleza kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagika tumboni, na chembe zake hushika huko. Lakini damu ya wanawake wengi hurudi nyuma hivyo hivyo na hawaugui. Kwa hiyo Sampson hakuimaliza hesabu, na waliomfuata bado wanaihangaikia.

Jambo moja limenisimamisha. Endometriosisi, kwa jinsi inavyoelezwa, ni tishu iliyo *nje* ya kizazi. Sasa kutoa kizazi kutaitoa vipi? Nimuulize.

Alhamisi, 21 Machi. Ramadhani 10

Sifungi tangu juzi. Nakula jikoni mlango umerudishwa, nisimkwaze mtu.

Mama mkwe kaja na kombe. Aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zimeoshwa kwa maji ya waridi. Nimelinywa lote kwa bismillahi; sina ugomvi na dua. Kaja pia na mizizi ya kuchemsha. "Chango hilo, mwanangu. Ukizaa linaisha." Maneno hayo hayo aliniambia somo yangu kule Tanga nilipovunja ungo. Ukizaa linaisha. Na ugonjwa wenyewe ndio unaoziba njia ya kuzaa.

Kwenye daftari la mistari nimeandika: maumivu 8, diklofenaki, kombe.

Kuna wazo limenijia wakati wa daku na sijamwambia mtu. Nikitolewa kizazi nitafunga mwezi mzima bila kubaki na deni la kulipa mpaka Shaabani. Nimejikuta naitamani Ramadhani hiyo. Kumbe siku zote nilikuwa nahesabu nitakachopoteza tu.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimesubiri Idd ipite ndipo nikamwambia mume wangu. Tulikuwa barazani, anamenya chungwa. Alilimenya lote, akaligawa, akanipa nusu, ndipo akasema:

"Mimi nataka mtoto. Na wewe nakutaka uwe mzima. Sijui nianze na lipi."

Afadhali hivyo. Ningemwogopa zaidi kama angeniambia hajali.

Tumezungumzia kupandikiza mimba. Tulishaenda kwenye kliniki moja mwaka jana. Walisema inawezekana, nizimwe homoni kwanza kwa miezi kadhaa, kisha nichochewe mayai, na kwamba ukuta wa kizazi kama wangu unapunguza nafasi ya mimba kushika. Nafasi ipo, ni ndogo, na bei ingekula akiba yote ya kiwanja kwa jaribio moja. Mume wangu aliniambia: "Ukitaka tujaribu, kiwanja kisubiri." Nikamwambia anipe muda.

Jumamosi, 18 Mei

Nilikwenda kwa daktari na maswali kwenye karatasi. Majibu yake:

*Kizazi kikitoka, ugonjwa umetoka?* Hapana. Adenomiosisi itaondoka, maana makazi yake ni msuli wa kizazi, na kizazi ndicho kinachotoka. Vinundu vya nyuma na vya utumbo vitabaki na kuendelea kuuma visipokatwa siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu anataka daktari wa upasuaji wa utumbo awepo tiata. "Ukiona mtu anakuambia kutoa kizazi pekee ni tiba ya endometriosisi, muulize vinundu vinakwenda wapi."

*Ovari?* Zikitoka zote mbili, nakoma hedhi siku moja, kwa kisu. Mifupa inapungua nguvu mapema, moyo unakosa kinga yake, na nitahitaji homoni za dawa mpaka karibu na miaka 51, umri ambao hedhi ingekoma yenyewe. Zikibaki, zitaendelea kutoa homoni inayolisha punje yoyote itakayosalia. Yeye angependa kuibakisha ya kulia, na ya kushoto kama itaokoka baada ya kutoa uvimbe.

*Hatari?* Kuvuja damu, maambukizi, damu kuganda miguuni, kujeruhiwa kwa kibofu, utumbo au mirija ya mkojo. Kwa tumbo lililoshikamana kama langu, hatari hizo si za kusoma tu kwenye karatasi. Utumbo ukikatwa, huenda nikawekewa mfuko wa choo tumboni kwa muda.

*Mambo ya ndani?* Kayajibu bila kupepesa. Uke unabaki. Nisubiri kama miezi miwili mpaka mshono upone. Mengi yanayoniumiza sasa yanatokana na vile vinundu vya nyuma, kwa hiyo huenda nikapata nafuu, hakuahidi.

*Mayai?* Ovari ikibaki, mayai yapo, ila pa kuyabeba hapapo. Angehitajika mwanamke mwingine. Hilo tulishamuuliza shehe, akasema haifai.

Halafu akasema sasa zamu yake. Chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, ESHRE, kilitoa mwongozo mwaka 2022: upasuaji huu unaweza kufikiriwa kwa mwanamke ambaye dawa na njia nyepesi zimeshindwa, na ambaye hataki tena kushika mimba. Aambiwe pia kwamba huenda usimalize maumivu.

"Dawa zimeshindwa, hilo naliona. La pili ni lako. Hutaki tena kuzaa?"

Sikuwa na jibu. Nikisema sitaki, naongopa. Nikisema nataka, faili linafungwa.

Jumanne, 4 Juni

Habari kutoka Nairobi: Njambi Koikai amefariki. Jahmby, yule mtangazaji wa rege. Tumezungumza ofisini kwa walimu; hata wanaume waliuliza aliumwa nini.

Endometriosisi yake ilipanda mpaka kifuani. Mapafu yalikuwa yakisinyaa. Wakenya walimchangia akapelekwa Atlanta, Marekani, akapasuliwa huko mwaka 2018, akarudi, akaendelea kuwasemea wenzake mpaka mwisho. Mungu amrehemu.

Mwalimu mmoja, kwa nia njema, kaniambia: "Ndiyo maana ukitoe tu mapema." Lakini kifuani hakuna kizazi. Ugonjwa ulioshika mapafu haungeondoka kwa kutoa kilicho chini ya kitovu. Jahmby ananifundisha kinyume cha wanachodhani: niangalie ugonjwa wangu *uko wapi*, siyo unaitwaje. Wangu uko sehemu mbili. Nusu imo ndani ya kizazi, nusu iko nje. Upasuaji wowote utakaogusa nusu moja utaniachia nyingine.

Jumatano, 19 Juni. Tanga

Idd imepita juzi, jana jioni kikao. Mama, shangazi, mama mkubwa, mama mkwe kaja na basi kutoka Dar. Mjomba kakaa mwisho wa mkeka, hakutaka kusikia maneno ya hedhi ila hakutaka kuachwa.

Shangazi: "Yule mrembo, Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, si alikuwa na huo huo? Si alipasuliwa mara kadhaa, akaambiwa hazai? Na mwaka 2017 akapata mwana." Ni kweli, na nilifurahi kama Watanzania wengine. Amelizungumza tatizo hili hadharani wakati wengi wetu tulikuwa tunalificha. Lakini mtoto wa Millen si hati ya ahadi kwangu. Nimewaambia hivyo kwa adabu.

Mama mkubwa: nichukue mtoto wa mdogo wangu nilee. Mdogo wangu alikuwapo, ana mimba ya tatu, akainama. Watoto kulelewa na ndugu ni jambo la kawaida kwetu, na huenda siku moja nikafanya hivyo. Ila mtoto wa mwenzio haombwi kikaoni mwenzio akiwa ameinama.

Mama mkwe hakusema la kuoa mke wa pili. Alisema tu kwamba mwanawe ni mtoto wa pekee wa kiume. Limeeleweka.

Mama alikuwa wa mwisho. "Nyote mmeuliza habari za mtoto. Hakuna aliyemuuliza usiku analala vipi." Kikao kikaisha hapo, watu wakaletewa chai.

Jumapili, 11 Agosti

Daktari wa pili, hospitali nyingine. Mambo mengi kasema sawa na wa kwanza. Muuguzi wake ndiye aliyenichefua: kabla hata sijaamua, kanipa karatasi yenye nafasi ya saini ya mume na kunieleza kwamba bila hiyo hawagusi. Nikauliza nafasi ya saini yangu iko wapi. Kasema iko chini, "ya kuthibitisha".

Daktari wangu wa kwanza nilipompigia alicheka kwa hasira. Mgonjwa mtu mzima mwenye akili timamu anaridhia mwenyewe. Mume aelezwe, ashirikishwe, asindikize. Kusaini ni kwa mwenye tumbo.

Usiku nimefanya kazi yangu, yaani hesabu. Utafiti wa Cleveland Clinic wa mwaka 2008 uliwafuatilia wanawake waliopasuliwa. Baada ya miaka 7, ambao hawakuhitaji kupasuliwa tena walikuwa: karibu 45 katika kila 100 waliokatwa vinundu tu, 77 waliotolewa kizazi wakaachiwa ovari, karibu 92 waliotolewa vyote. Na kwa wenye umri wa miaka 30 hadi 39, kutoa ovari hakukuwaongezea kinga ya maana. Huo ndio umri wangu.

Ila mwalimu wa takwimu asidanganyike. Kutopasuliwa tena si sawa na kutoumwa. Mtu anaweza kukosa nauli, kukata tamaa, au kuogopa kisu, akahesabiwa kuwa amepona.

Upande wa pili wa mizani: Mayo Clinic, 2018. Waliotolewa kizazi wakiwa na miaka 35 au chini, hata walioachiwa ovari, walionekana kuwa na hatari ya moyo kushindwa kufanya kazi mara 4.6 ya wenzao, na ya maradhi ya mishipa ya moyo mara 2.5. Mara nne ya namba ndogo bado ni namba ndogo, na utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba kilichosababisha ni upasuaji. Lakini sitalificha. Nikifanya, presha ipimwe kila mwaka, na nitembee.

Nimesoma pia habari za Lena Dunham, mwigizaji wa Marekani. Alitolewa kizazi akiwa na miaka 31, akaandika kwenye jarida la *Vogue* mwaka 2018. Alikuwa akitaka mtoto, na bado akaomba kitolewe. Baadaye alijaribu kutumia mayai ya ovari iliyobaki, yakashindikana, nalo akaliandika. Sikupata faraja humo wala sikuitafuta. Nilichopata ni kwamba lile swali la "hutaki tena?" lilishawahi kumshinda mtu mwingine.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeamua. Naandika sababu ili siku nitakapolia nisijizulie nyingine.

Kila mtu, na mwongozo wa Ulaya pamoja nao, amenitaka niache kwanza kumtaka mtoto ndipo niruhusiwe kuacha maumivu. Nimejaribu kuacha. Haiwezekani, na nadhani si lazima. Nataka mtoto, na nataka kizazi kitoke. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Kutaka hakuzimwi kwa sindano wala hakuhitaji ruhusa. Kinachohitaji uamuzi ni mimi nitafanya nini na mwili huu.

Nilichomjibu daktari leo ni hiki: "Sitajaribu tena kubeba mimba. Kama natamani, hilo niachie mimi." Kanitazama kidogo, kaandika sentensi ya kwanza kwenye faili.

Kwa nini nisipandikize kwanza? Ningeweza. Mume wangu alikuwa tayari kuuza ndoto ya kiwanja. Nimekataa kwa sababu njia hiyo inanitaka niuchochee ugonjwa nikiwa naukimbia, kwa nafasi ndogo, na ikishindikana nitarudi hapa hapa, nikiwa na vinundu zaidi na fedha pungufu. Mwingine angechagua jaribio, na asingekuwa mjinga. Mimi nimechagua hivi.

Majuto? Yatakuja. Wote wananikinga na majuto ya miaka 45. Hakuna aliyejitolea kunikinga na Jumatano ijayo, ambayo tayari naijua kwa daftari la mistari: itakuwa 7 au 8.

Nimemwambia mume wangu kabla ya yote kwamba akiona hawezi, aseme sasa, tuachane kwa wema. Akajibu kwamba hajui atakuwaje baada ya miaka kumi, ila anajua kesho atanipeleka wapi. Sikumdai zaidi. Mama mkwe bado hajazungumza nami. Tutaona.

Jumamosi, 30 Novemba

Mitihani imekwisha, shule inakaribia kufungwa. Nimepata ruhusa ya ugonjwa itakayonifikisha mwezi wa pili, ikihitajika. Wiki 6 mpaka 8 baada ya upasuaji nisibebe ndoo wala mtoto wa mtu. Mama anakuja kutoka Tanga; kashaniagiza ninunue kanga mbili za kujifungia tumbo, daktari kakataa kanga, Mama kanuna.

Nimezungumza na mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili anayekosa shule kila mwezi siku mbili tatu. Mama yake anamchemshia mizizi. Sikumtisha, sikumwambia habari zangu. Nimemwandikia mzazi barua: apelekwe kwa daktari wa kina mama, waeleze *kila* dalili, pamoja na ile ya chooni wanayoionea haya. Mimi sikuambiwa hivyo nikiwa na umri wake.

Jumanne, 10 Desemba

Wodini. Nimeshanyweshwa dawa ya kusafisha tumbo, sitaeleza.

Daktari kapita jioni tukasoma fomu ya ridhaa pamoja, mstari kwa mstari. Yaliyokubaliwa: kizazi kitoke pamoja na mlango wake, vinundu vyote vinavyoonekana vikatwe, daktari wa utumbo awepo, ovari ya kulia ibaki, ya kushoto ibaki ikiwezekana. Nimeomba iongezwe sentensi moja: wakikuta hali mbaya kuliko MRI ilivyoonyesha, ovari ya kulia isitolewe ila kwa kuokoa maisha. Ameiongeza kwa kalamu, tukatia saini pembeni wote wawili.

Nimeuliza mara ya mwisho kama maumivu yataisha. Kasema: "Mengi, naamini. Yote, sikuahidi."

Mume wangu alikuwapo, alisikia kila neno, aliuliza habari za damu ya akiba. Hakuombwa kusaini.

Kwa yeyote atakayelifungua daftari hili, hata kama ni binti wa mdogo wangu siku moja: usikubali kuitoa sehemu ya mwili wako kwa sababu umechoka kuulizwa, wala usiibakishe kwa sababu hiyo hiyo. Uliza ugonjwa uko wapi, nini kitatoka, nini kitabaki, na nani yuko tiata. Kisha amua wewe.

Nisile wala kunywa kuanzia saa sita usiku. Kesho saa mbili asubuhi, mimi ni wa kwanza kwenye orodha.